Geti Moja, Nakala Nne: Kujenga Barabara ya Nyakanazi hadi Rusumo Ndani ya Mchezo wa Kompyuta

Ukitaka kutengeneza mchezo wa kompyuta ambao kijana wa Ngara au Biharamulo ataufungua na kusema "hapa napajua," achana na makasri na vyombo vya angani. Anza na barabara ya malori. Ianzie kwenye mizani ya Nyakanazi, ipite Lusahunga, ipande na kushuka vilima hadi mpakani Rusumo, kwenye daraja la kuingia Rwanda. Wanaokwenda Burundi wachepuke kuelekea Ngara mjini na Kabanga. Kila kinachohitajika mchezoni kipo: vizuizi vya kufunguka na kufungwa, madirisha ya kugonga mihuri, mizani inayoamua nani apite, mama ntilie, utingo aliyechoka, na foleni. Tena karibu vyote vinajirudia. Geti si moja, dirisha la uhamiaji si moja, meza za mama ntilie zimepangana zikifanana. Hutatengeneza kila kimoja kwa mkono. Utatengeneza kimoja, kisha utakinakili, na hapo kwenye kunakili ndipo vyumba vingi vya michezo ya wanaoanza vinapoharibikia.

Kunakili kiti hakuna taabu, kwa sababu kiti hakijui lolote. Geti linajua. Linajua kama limefunguka au limefungwa, linajua kitufe kinacholiamuru, linajua ni nani kapita na nani bado. Ukilinakili, ujuzi huo wote unakwenda nalo, na sehemu ya ujuzi huo si ya huko linakokwenda.

Kuhusu programu sitakaa sana. Kwa shule yenye kompyuta kuukuu na intaneti ya kubahatisha, Scratch inatosha kuanzia: ni ya bure, ina toleo linalofanya kazi bila mtandao, na maandishi yake yanaweza kugeuzwa kuwa ya Kiswahili. Kijana akishaizoea ahamie Godot, nayo ya bure, isiyodai usajili, na inayobebeka kwenye flashi. Wanaopenda kujenga kwa matofali wana Luanti, iliyokuwa ikiitwa Minetest hadi Oktoba 2024. Minecraft ni ya kulipia, ila nitaitaja kwa sababu amri yake ya kunakili inafundisha jambo. Roblox siishauri kwa mahali ambako mtandao hukatika katikati ya kipindi.

Mwalimu mkuu akikuuliza hizi kompyuta za shule zinachezewa nini, mtajie Kibera, mtaa wa Nairobi. Mwaka 2012 UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi lenye makao yake Nairobi, na Mojang, kampuni inayotengeneza Minecraft, walianzisha mradi wa Block by Block, ambao unawapa wakazi nafasi ya kuujenga mtaa wao ndani ya mchezo kabla mhandisi hajachora ramani. Kibera ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kufikiriwa.

Sasa tuingie kazini.

Kabla hujabonyeza amri ya kunakili, chukua daftari na uandike kila ambacho kitu chako kinakijua. Tuseme umetengeneza mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari inaweka kikomo cha tani 56 kwa lori na mzigo wake. Hizo tani 56 si za mizani moja; ni za mizani zote utakazoziweka barabarani, na siku sheria ikibadilika unataka kuzibadilisha mahali pamoja tu. Uzito wa lori lililopanda sasa hivi ni habari nyingine kabisa. Huo ni wa mizani hiyo, dakika hiyo.

Scratch inakuuliza swali hili waziwazi unapounda kigeu, yaani mahali pa kuhifadhi thamani: kiwe cha spraiti zote, yaani vitu vyote vya mchezo, au cha spraiti hii tu? Wanaoanza hawasomi, wanabonyeza sawa, na kigeu kinakuwa cha wote. Matokeo yake lori likizidisha Nyakanazi, taa nyekundu inawaka kwenye kila mizani ya nchi. Kosa la upande wa pili ni la kimyakimya zaidi: kikomo kimeandikwa ndani ya kila nakala, mjenzi akarekebisha mbili akasahau ya tatu, na mchezaji anapita mizani ya kwanza salama kisha anatozwa faini mbele kwa mzigo uleule. Madereva watacheka na kusema mchezo huu unaijua barabara, lakini wewe hukukusudia.

Kuna jambo jingine dogo kuhusu Scratch ambalo huwatesa watu jioni nzima. Nakala huzaliwa na vigeu vyake vikiwa na thamani ileile aliyokuwa nayo mzazi wakati huo huo. Kama mzazi alikuwa amebeba lori la tani 60, nakala inazaliwa ikiamini ina lori la tani 60 juu yake, na geti halifunguki. Kwa hiyo, amri ya kwanza kabisa baada ya nakala kuanza iwe ya kufuta: uzito sifuri, taa imezimwa, geti limefungwa. Usiamini hali iliyorithiwa.

Hayo ni rahisi kuyakumbuka. Linaloumiza hasa ni anwani.

Mbele ya dirisha umeweka kitufe, na kitufe kinainua kizuizi. Kwenye skripti yake umeandika kwamba kikibonyezwa, kitafute kitu kinachoitwa "Geti" na kukifungua. Inafanya kazi vizuri. Unafurahi, unanakili vyote mara tatu. Godot inavipa vitu vipya majina yake yenyewe, Geti2, Geti3, Geti4, lakini skripti haikubadilika. Bado inamtafuta Geti. Sasa una vitufe vinne na vyote vinafungua geti lilelile la kwanza. Mchezaji anabonyeza upande wa Rwanda, haoni kitu, anabonyeza tena, anasema kitufe kibovu. Kumbe huko nyuma, ng'ambo ya daraja, geti la upande wa Tanzania linapanda na kushuka bila mtu yeyote mbele yake.

Minecraft inaonyesha kosa hilohilo kwa uwazi zaidi. Amri yake ya /clone inaweza kunakili hadi matofali 32,768 kwa mara moja kwa kipimo chake cha kawaida, ikiwa ni pamoja na vilivyomo ndani ya masanduku na maneno yaliyoandikwa ndani ya matofali ya amri. Ila kama tofali la amri limeandikiwa namba kamili za mahali, namba hizo zinabaki zilezile. Chumba kipya kinaendelea kuamrisha chumba cha zamani. Dawa yake ni alama ya ~, yaani kuhesabu kuanzia hapa nilipo badala ya kutaja mahali kwa namba zake. Tena amri hiyo hainakili viumbe wala fremu za ukutani. Utapata ofisi nzuri yenye dirisha na kaunta, na nyuma ya kaunta hakuna afisa.

Kwenye Godot nina kanuni moja: kitu kisimtafute mwenzake kwa jina katika ulimwengu mzima. Kama kitufe na geti havitengani kamwe, vifunge pamoja kuwa sini (scene) moja, skripti itafute ndani ya kifurushi chake tu, kisha nakili kifurushi. Kama wakati mwingine hutengana, acha nafasi wazi kwenye jedwali la sifa za kitufe, ambapo mjenzi atachagua kwa mkono geti la kila nakala. Na skripti ilalamike kwa sauti nafasi hiyo ikiachwa tupu: "kitufe hiki hakina geti." Watu huona haya kuandika malalamiko ndani ya skripti zao, kana kwamba ni dalili ya kutojiamini. Yaandikeni. Kitufe kinachonyamaza kikikosa geti kitakupotezea muda kuliko kitufe kinachopiga kelele.

Sasa Rusumo yenyewe, maana mpaka huu unafundisha kunakili kuliko kitabu. Daraja jipya na kituo cha pamoja cha huduma za mpakani vilizinduliwa Aprili 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame. Kabla ya hapo msafiri aligongewa kutoka upande mmoja, akavuka, akagongewa kuingia upande wa pili. Sasa anasimama mara moja tu, kwenye nchi anayoingia. Dereva anayekwenda Kigali anavuka daraja bila kugongewa, na huko upande wa Rwanda ndiko anakomkuta afisa wa Tanzania wa kumtoa na afisa wa Rwanda wa kumpokea, jengo moja. Anayekuja Tanzania, vivyo hivyo kwa kinyume.

Fikiria hilo lina maana gani kwa mjenzi wa chumba. Unahitaji nakala nne za dirisha: kutoka Tanzania, kuingia Rwanda, kutoka Rwanda, kuingia Tanzania. Mbili za kwanza ziko jengo la Rwanda, mbili za mwisho jengo la Tanzania. Mjenzi mwerevu kupita kiasi ataandika kwamba dirisha liulize chumba kilichomo ni cha nchi gani, kisha ligonge muhuri wa nchi hiyo. Ni wazo safi, halihitaji kujaza chochote kwa mkono, na litamgongea dereva muhuri wa Rwanda mara mbili. Nchi ni sifa ya dirisha lenyewe, si ya jengo. Basi kila nakala ijazwe sifa mbili, nchi na mwelekeo, na chumba kisiulizwe chochote. Kabanga na Kobero, upande wa pili wa mpaka wa Burundi, kuna utaratibu wa namna hiyohiyo, kwa hiyo dirisha ulilolitengeneza vizuri kwa Rusumo litahamia mpaka wa Burundi kwa kubadilisha sifa hizo mbili tu. Kama likidai zaidi ya hapo, ujue kuna kitu ulikiandika ndani kabisa ambacho kilipaswa kuwa nje.

Halafu kuna mkono wa barabara. Tanzania tunaendesha kushoto. Rwanda na Burundi wanaendesha kulia. Umetengeneza geti la upande wa Tanzania: kibanda cha mlinzi kiko kushoto, bawaba ya kizuizi iko hukohuko, na lori linapita njia ya kushoto. Unataka la upande wa Rwanda. Kila mtu kwanza hulizungusha nusu duara na kulipeleka ng'ambo. Haisaidii. Kitu cha mkono wa kushoto ukikizungusha kinabaki cha mkono wa kushoto, kama lori linavyobaki na usukani uleule likigeuza. Unachohitaji ni taswira ya kwenye kioo.

Hapo ndipo majaribu yanapokuja, kwa sababu programu nyingi zinakuruhusu kupindua kitu kwa kuandika ukubwa wa hasi: badala ya 1, andika -1. Geti linapinduka vizuri, na bango lililoandikwa KARIBU linasomeka kinyumenyume. Zaidi ya hilo, Godot haipendi maumbo ya kugongana yenye ukubwa wa hasi. Lori linaweza kupita ndani ya kizuizi au kukwama mahali pasipo na kitu. Njia nzuri ni kurudi kwenye geti la kwanza na kulipa sifa mpya, upande wa bawaba, kushoto au kulia, ili skripti ihamishe bawaba na kibanda yenyewe. Bango libaki lilivyo. Ni kazi ya nusu saa zaidi na inakuondolea matatizo ya mwezi mzima.

Kwa sababu hii nasema ukianza kunakili usikimbilie geti ishirini, anza na mawili. Weka ya pili mbali, igeuze, ipe nchi nyingine, bonyeza kila kitufe cha zote mbili, angalia nani anaitika. Kasoro za kuchangia na za anwani huonekana zote kwenye nakala ya pili. Ya kumi na nane haitakuonyesha jipya. Mkulima wa migomba wa Kagera, tangu mnyauko ulipoingia mkoani mwaka 2006, anachunguza shina kabla ya kung'oa chipukizi lake, maana chipukizi la shina gonjwa linapanda ugonjwa kwenye shamba jipya. Geti ni hivyohivyo.

Na ikiwa kasoro imeshasambaa? Inategemea ulinakili vipi. Godot ina njia mbili zinazofanana kwa macho. Ukihifadhi geti kama sini yake yenyewe, kisha ukaliweka ndani ya vyumba, kila geti linabaki na uhusiano na mama yake: rekebisha mama, wote wanapona. Ukichukua nodi (vipande vinavyounda sini) zilizotapakaa chumbani ambazo hukuzihifadhi kama sini, ukazinakili na kuzibandika, kila nakala ni yatima, na utazirekebisha moja baada ya nyingine. Chagua njia ya kwanza hata kama una geti moja tu leo. Ila fahamu kwamba sifa uliyoibadilisha kwa mkono kwenye nakala haimfuati tena mama. Godot inaiwekea mshale mdogo wa kuzunguka pembeni. Ukiiona mishale hiyo imejaa kwenye nakala zako, umeanza kuzitenga bila kukusudia.

Ila hata nakala nzuri zinachangia vitu usivyotarajia. Rangi na maumbo, ambayo Godot inayaita rasilimali, hayanakiliwi. Nakala zote zinatumia ileile ili kuokoa kumbukumbu ya mashine. Unalipaka geti la Rwanda rangi nyingine, na la Tanzania linabadilika papo hapo. Hilo angalau linaonekana. Baya ni umbo la kugongana: umerefusha kizuizi kimoja kwa sababu barabara ni pana pale, na vizuizi vingine vyote vimepata ukuta usioonekana unaochomoza hewani. Malori yanasimama katikati ya njia bila sababu. Suluhisho ni amri ya "Make Unique" kwenye rasilimali ya nakala husika, au kuweka tiki kwenye "Local to Scene" ndani ya mama ili kila nakala izaliwe na yake. Usiifanye kwa kila kitu. Kwenye kompyuta yenye kumbukumbu ndogo, kuchangia ndiko kunakofanya chumba kifunguke.

Foleni ya malori inahitaji mkono mwingine, kwa sababu hapa hunakili wewe. Mchezo wenyewe unanakili ukiwa unaendelea. Kwenye Scratch tahadhari kubwa ni hii: nakala nazo husikia ujumbe. Ukiandika kwamba lori likisikia "njoo" lijinakili, ujumbe wa kwanza unaleta malori mawili, wa pili manne, wa tatu manane, wa nane 256, na wa tisa unagonga ukuta, kwa sababu Scratch hairuhusu nakala zaidi ya 300. Kompyuta ya shule itakuwa imeganda zamani. Acha Jukwaa ndilo liagize nakala ya lori, si lori lenyewe. Lori la asili lifiche, lisionekane kamwe mchezoni. Na kila lori likishavuka daraja lifutwe. Usiliache likwame ukingoni mwa skrini milele.

Kitu kidogo lakini kinachobadilisha sura nzima: nakala zote zina saa moja. Ukiandika kwamba kizuizi kipande kila baada ya sekunde tano, vizuizi vinne vitapanda pamoja na kushuka pamoja kama gwaride la Uhuru. Kila nakala isubiri muda wa kubahatisha kabla ya kuanza. Hivyohivyo kwa mama ntilie: mmoja akoroge chungu, mwingine awe anafuta meza. Na migomba ya pembeni ya barabara, tengeneza mitatu tofauti, izungushe na kuibadilisha urefu. Mgomba mmoja ulionakiliwa mara mia mtu wa Kagera anaugundua kabla hajakaa vizuri kwenye kiti.

Sasa kuhifadhi, ambako watu wengi hufika wakiwa wamechoka na kuandika haraka. Mchezaji ametoa nyaraka kwenye droo ya dirisha, ametoka chumbani, amerudi. Droo lazima iwe tupu. Ili mchezo ukumbuke, kila droo inahitaji kitambulisho. Ukiandika kitambulisho ndani ya droo ya kwanza kisha ukanakili, zote nne zinakuwa na kitambulisho kimoja, na mchezaji akichukua nyaraka za dirisha moja, madirisha yote yanabaki matupu. Kinyume chake, vitu vinavyozaliwa mchezo ukiwa unaendelea visipokuwa na kitambulisho kabisa vinarudi vipya kila mara, na mchezaji mjanja ataingia na kutoka akichota pesa za chakula mpaka awe tajiri. Kitambulisho kitokane na chumba na mahali: rusumo_tz_droo_kulia. Kisha andika skripti fupi inayopita kwenye vitu vyote mchezo unapoanza na kupiga kelele ikikuta viwili vinafanana.

Kwenye majina hayo, herufi ndogo tupu na mstari wa chini badala ya nafasi. Usiweke alama ya ng' kwenye jina la faili, hata kama kuna ng'ombe mchezoni. Apostrofi ndani ya jina ni karibisho la matatizo. Na Windows haitofautishi Geti na geti, wakati simu ya Android inatofautisha, kwa hiyo mchezo uliokwenda vizuri kwenye kompyuta ya shule unaweza kufunguka kwenye simu ya mwanafunzi bila geti hata moja.

Maneno ya mabango na ya wahusika yasiandikwe ndani ya vitu. Yaweke kwenye jedwali moja, safu ya Kiswahili, safu ya Kihangaza, ya Kishubi, ya Kinyarwanda, ya Kirundi, na kila kitu kitaje msamiati wake kwa ufunguo tu. Godot inasoma jedwali la namna hii moja kwa moja. Ukikosea tahajia ya "uhamiaji" unairekebisha mara moja, na bibi mwenye Kihangaza kizuri anaweza kukusahihishia safu yake kwenye karatasi bila kugusa kompyuta.

Si kila kitu utakitengeneza mwenyewe. Kenney, mtengenezaji wa picha na maumbo ya michezo, anatoa maelfu ya magari, milango na samani bila masharti yoyote, ingawa hutakuta mgomba wala sufuria la mama ntilie humo. Programu za kufundishia kusoma kwa Kiswahili zilizojaribiwa vijijini mkoani Tanga kwa shindano la Global Learning XPRIZE, lililotangaza washindi wake wawili mwaka 2019, onebillion na Kitkit School, nazo zilitolewa kwa leseni huru, na mwalimu anaweza kuzifungua kuona jinsi vitu vyake vinavyoitikia vilivyopangwa. Soma leseni kabla ya kuchukua, na jina la mwenye kazi liandikwe mahali mchezaji atakapoliona. Kurekodi sauti ya mtu wa hapo kwenu ni vivyo hivyo: omba ruhusa.

Nina jambo moja ambalo halimo kwenye mwongozo wa programu yoyote. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kuingia Ngara, na kambi ya wakimbizi ya Benako ikaota juu ya kilima. Mwalimu wa historia anaweza kutamani kuijenga siku hiyo, na zana za kunakili zitamrahisishia: mtu mmoja, nakala mia tatu, umati tayari. Simshauri. Umati wa sura moja unawafanya watu kuwa matofali, na Ngara wapo wanaoikumbuka siku ile kwa nyuso na majina. Akitaka kuijenga, ajenge daraja tupu na aweke sauti za wazee walioona, kila mmoja kwa ridhaa yake, kila mmoja mara moja. Hapo hakuna cha kunakili.

Boma la Biharamulo nalo, lililojengwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ni chumba ambacho wengi watataka kukiongeza barabarani, dereva apumzike. Kishawishi kitakuwa kuchukua mlango wa ofisi ya Rusumo na kuubandika ukutani. Mlango wa mpakani unauliza pasipoti, unahesabu foleni, unajua nchi mbili. Wa boma unafunguka tu. Ukianza kuufuta mlango wa mpakani kipande kwa kipande ili uwe wa kawaida, utaacha kipande kimoja, na mgeni atakayeingia kulala atadaiwa muhuri wa kutoka Rwanda. Tengeneza mlango mtupu kwanza, unaofunguka na kufungwa basi, uuhifadhi kama sini ya mama. Wa Rusumo urithi kutoka huo na kuongezewa muhuri, wa boma urithi na kuongezewa komeo. Kama mlango wa Rusumo umeshajengwa bila mama huyo, urudie leo kabla hujaongeza chumba cha tatu.